Kusafisha na kutunza kinga kisha njia ya potopoto



Tangu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, mvua inageuza njia zetu za mashamba kuwa potopoto. Mtu anatoka Kapolowe na saki ya mahindi nyuma, anafika Likasi kinga yote ni nyekundu. Akirudi anaiegemeza ku kibambazi, anaenda kulala. Kisha juma chache chene inakatika katikati ya njia, na tomati ao samaki ya Tshangalele haingoje fundi. Kwa wengi wetu kinga ndiyo kamio yetu. Tujifunze kuitunza.

Sababu gani matope inaharibu?

Udongo wetu uko na mchanga mdogo mdogo ndani. Mchanga huo ukichanganyika na mafuta ya chene, unakuwa kama jiwe la kunolea: kila mara unapiga pede, unakula chuma. Maji nayo ikiingia katikati ya gurudumu, inaleta kutu. Potopoto yenye kukauka ku janti inamaliza mipira ya frene. Na frene ikikosa ku mteremko, saki mbili ziko nyuma, si mali tu yenye kuwa ku hatari, ni mtu.

Kusafisha hatua kwa hatua

Tayarisha ndoo moja ya maji, sabuni ya unga, vitambaa viwili, brosi ya zamani ya meno na kijiti.

1. Safisha siku ile ile, mbele udongo haujakauka. Tosha matope makubwa na kijiti. Hapana kutumia kisu: pale rangi inatoka, kutu inaingia.

2. Mwaga maji pole pole kutoka juu. Usipige maji ya nguvu katikati ya magurudumu ao ku mizizi ya pede. Maji ya nguvu inafukuza grese na kusukuma mchanga ndani, kwenye vichuma vya mviringo.

3. Kitambaa cha kwanza na sabuni ni cha mwili wa kinga na janti. Cha pili ni cha chene peke yake. Ukipangusa janti na kitambaa chenye mafuta, frene haitashika tena.

4. Lowanisha kitambaa cha pili na petroli kidogo, shika nacho chene na uzungushe pede kinyume. Mchanga wa pembeni utoshe na brosi. Kazi hii ifanyike mbali na mbabula.

5. Pangusa kinga yote, iache mahali penye upepo mpaka ikauke.

6. Weka tone moja la mafuta ku kila kiungo cha chene, zungusha pede, kisha pangusa mafuta yote ya inje. Mafuta yenye kufanya kazi ni ile ya ndani. Ya inje inaita vumbi tu.

Mafuta gani? Ile ya mashini ya kushonea, ao mafuta mapya ya moteri, kidogo tu. Wengi wanatumia vidanje sababu ni ya bure, lakini iko na uchafu na unga wa chuma ndani. Mafuta ya ngazi nayo inaganda na kunata.

Tusisafishie kinga ndani ya Lufira wala ku ziwa. Petroli na mafuta inachafua maji ambayo wengine wanateka, na kusimama ndani ya maji yenye kutulia kunaweza kuleta bilharzia.

Kila juma, mbele ya kupakia mzigo

– Sukuma kinga na kamata frene: gurudumu lazima lisimame. Mpira ukibaki mwembamba, badilisha.
– Bonyeza rayo mbili mbili. Yenye kulegea ikazwe, sivyo gurudumu litapinda.
– Kaza bulo za portibagaje.
– Pompa mipira mpaka kidole gumba kisizame.

Mara moja kwa mwezi, pima chene na mita. Hesabu vipini 25 vyenye kufuatana. Kutoka katikati ya cha kwanza mpaka katikati ya cha mwisho, chene mpya iko na santimetri 30,5. Ikipita 30,8, imechoka. Ibadilishe mapema, sababu chene yenye kurefuka inakula meno ya pinyo, na hapo utalipa vitu viwili pahali pa kimoja.

Kinga ya koperative

Kitu cha wote mara nyingi hakina mwenye kukitunza. Tunashauri kanuni moja: mwenye kutumia kinga anairudisha safi na chene yenye mafuta, na anaandika ndani ya kaye tarehe, jina na kitu alichoona kimeharibika. Mwenye kufuata anaangalia mbele ya kutia sahihi.

Zoezi la mkutano

Leteni kinga tatu. Pimeni chene, jaribuni frene, kisha muulizane: ni kinga gani tunaweza kupakia saki kesho, na ni gani ibaki nyumbani mpaka itengenezwe?