Nyumba ya Magogo ya Kentucky



Katika somo hili tutasoma habari za nyumba moja ndogo iliyoko Marekani, katika jimbo la Kentucky. Nyumba hiyo imejengwa kwa magogo. Ina chumba kimoja, mlango mmoja na dirisha moja. Ukiiona peke yake utasema ni nyumba ya mtu maskini, na hutakuwa umekosea.

Lakini nyumba hiyo haisimami peke yake. Imejengewa nyumba nyingine juu yake, jengo kubwa la mawe ya itale na marumaru, lenye nguzo nene mbele. Kufika mlangoni unapanda ngazi yenye vipandio 56. Nyumba ya magogo imo ndani ya jengo hilo kama yai ndani ya kiota, hainyeshewi mvua wala haipigwi na jua.

Kwa nini watu waliitunza hivyo? Na je, ni kweli nyumba hiyo ni ile waliyodhani? Soma polepole.

Nyumba za magogo zilivyojengwa

Watu wa Sweden na Finland walifika Marekani mwaka 1638, wakakaa kando ya mto Delaware. Kwao kulikuwa na misitu mikubwa na baridi kali, nao walijua kujenga kwa magogo. Ujuzi wao ukaenea. Watu wengine waliohamia magharibi kutafuta mashamba walijenga vivyo hivyo, kwa sababu miti ilikuwa tele na misumari ilikuwa ghali.

Mtu aliyefika mahali papya alikata miti ili apate shamba. Miti ile ile ikawa nyumba yake. Chombo chake kikubwa kilikuwa shoka. Karibu na kila ncha ya gogo alichonga pengo. Gogo la juu likakaa katika pengo la gogo la chini, na uzito wenyewe ukayafunga. Kuta zilisimama bila msumari hata mmoja.

Kuinua magogo ya juu hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Majirani walikuja kusaidia, na mwenye nyumba akawapa chakula. Sisi tungesema ni kazi ya ujima. Nafasi zilizobaki kati ya magogo zilizibwa kwa vipande vya miti, mawe na udongo. Hapo hata sisi hatuhitaji mwalimu: ni kukandika tu. Sakafu nyingi zilikuwa udongo mtupu. Hata dohani, yaani njia ya moshi, mara nyingi ilijengwa kwa fito na kukandikwa. Udongo ulipobanduka, fito zilishika moto.

Adui mkubwa wa nyumba ya magogo ni maji. Gogo la chini kabisa likigusa ardhi, huvuta unyevu na kuoza, na nyumba nzima huanza kuketi. Kwa hiyo wajenzi wenye akili waliweka mawe chini ya pembe. Tena walitokeza paa nje, ili maji ya mvua yasitiririke ukutani.

Nyumba ilipochakaa, watu hawakutupa magogo mazuri. Waliyachukua wakajengea ghala, zizi, au nyumba nyingine. Likumbuke jambo hili, maana ndilo lililoleta ubishi wote.

Mtoto aliyezaliwa humo

Mwezi Desemba mwaka 1808, mkulima na seremala aitwaye Thomas Lincoln alinunua shamba karibu na mahali paitwapo Hodgenville, kwa dola 200. Hapo palikuwa na chemchemi ya maji na nyumba ya magogo. Tarehe 12 Februari 1809, mkewe Nancy alijifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Abraham.

Thomas aliweza kuandika jina lake tu, tena kwa shida. Nancy alitia alama badala ya sahihi. Hawakukaa shambani hapo muda mrefu. Kulitokea mgogoro juu ya hati ya shamba, na mwaka 1811 wakahama. Mwaka 1816 wakatoka Kentucky kabisa. Abraham mwenyewe alieleza baadaye kwamba baba yake alihama kwa ajili ya utumwa uliokuwapo Kentucky, lakini hasa kwa ajili ya taabu za hati za ardhi.

Mtoto huyo alisoma shule kidogo sana. Ukijumlisha siku zake zote za darasani, hazifiki mwaka mmoja. Mengine alijisomea mwenyewe. Akawa mwanasheria, akawa mbunge, na mwaka 1861 akawa Rais wa Marekani. Tarehe 1 Januari 1863 alitoa tangazo la kuwaacha huru watumwa katika majimbo yaliyoasi. Mwaka 1865 alipigwa risasi akafa, akiwa na umri wa miaka 56. Sasa umejua kwa nini ngazi ile ina vipandio 56.

Nyumba inasafiri

Wakati Abraham anazaliwa, nani angeandika habari za kibanda cha mkulima? Hakuna aliyekichora wala kukipima. Familia ilipohama, nyumba ikapotea machoni pa watu.

Mwaka 1894 mfanyabiashara wa New York, Alfred Dennett, alinunua shamba lile. Alitaka watalii waje kulitazama. Lakini watazame nini? Karibu na hapo palikuwa na nyumba nyingine ya magogo, na ilisemekana kwamba magogo yake yalitoka katika nyumba ya akina Lincoln. Mwaka 1895 ikanunuliwa, ikabomolewa, na magogo yake yakasimamishwa shambani.

Watu hawakuja kwa wingi kama alivyotumaini. Basi magogo yakafungwa na kupelekwa kwenye maonyesho. Mwaka 1897 yalikuwa mjini Nashville. Mwaka 1901 yalikuwa mjini Buffalo. Pale Nashville yalionyeshwa pamoja na nyumba nyingine, iliyosemekana kuwa ya Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo yaliyopigana na Lincoln. Hebu fikiri: nyumba mbili za magogo, zinajengwa, zinabomolewa, zinapakiwa, zinajengwa tena. Nani atajua gogo hili ni la nani? Mwishowe magogo yakawekwa ghalani New York.

Mwaka 1906 chama kilichoundwa kulihifadhi shamba hilo kikayanunua magogo. Wananchi zaidi ya 100,000 walichanga fedha zaidi ya dola 350,000. Wengi walitoa kidogo kidogo. Rais Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi la jengo tarehe 12 Februari 1909, miaka 100 kamili tangu Lincoln azaliwe. Jengo lilifunguliwa mwaka 1911. Walipoijenga nyumba ndani, wakaona ni kubwa mno, wageni hawapati nafasi ya kuizunguka. Basi wakaipunguza! Mwaka 1916 shamba na jengo vikakabidhiwa serikali.

Miti inatoa ushahidi

Wako waliokuwa na mashaka. Mwaka 1948 mtafiti mmoja, Roy Hays, alichapisha makala iliyofuatilia safari ya magogo hayo, na kuonyesha kwamba ushahidi ulikuwa hafifu. Uvumi ulikuwa mwingi, maandishi yalikuwa machache.

Mwaka 2004 wataalamu wa miti wakaja. Katika nchi za baridi, mti hukua wakati wa joto na kupumzika wakati wa baridi. Kwa hiyo kila mwaka huongeza pete moja ndani ya shina. Mwaka wa mvua nzuri pete huwa pana, na mwaka wa ukame huwa nyembamba. Mtaalamu hutoboa gogo na kutoa kijiti chembamba, kisha hulinganisha pete zake na pete za miti mingine ambayo miaka yake inajulikana. Pete ya mwisho, iliyo chini ya gamba, hueleza mti ulikatwa lini.

Miti haikuficha. Gogo la zamani kuliko yote lilikuwa la mwaka 1848. Mwaka huo Lincoln alikuwa mtu mzima wa miaka 39, mbunge mjini Washington. Basi hakuzaliwa katika nyumba ile.

Mimi niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikawafikiria wale watu 100,000 na senti zao, nikaacha kucheka.

Nilipoifundisha darasani, mzee mmoja aliuliza, "Sasa kwa nini wasiibomoe?" Mama mmoja akamjibu, "Hapana, baba. Waiache, lakini waandike ukweli." Ndivyo watunzaji wa mahali pale walivyofanya. Hawaiiti tena nyumba aliyozaliwa Lincoln. Huiita nyumba ya mfano, yaani inayofanana na zile za wakati ule. Bado inatunzwa, na mgeni anaelezwa habari zake zote, pamoja na makosa.

Shamba lenyewe halina ubishi. Ulikuwapo pia mwaloni mkubwa uliotumiwa kama alama ya mpaka, uliokuwa mti tayari Abraham alipozaliwa. Ulikufa mwaka 1976. Chemchemi ingalipo. Mgeni akishuka ngazi za mawe huyaona maji yakidondoka kutoka mwambani na kuzama ardhini, pale pale ambapo Nancy alikuwa akiteka.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini nyumba za magogo hazikuhitaji misumari?

2. Thomas Lincoln alisumbuka kwa hati za shamba. Shamba lako limeandikwa wapi? Nani anaweza kuisoma hati hiyo nyumbani kwako?

3. Mzee alitaka nyumba ibomolewe, mama alikataa. Wewe uko upande wa nani? Toa sababu.

4. Muulize mtu mzee kuliko wote kijijini nani alijenga nyumba ya kwanza pale. Andika jina lake, na mwaka kama unajulikana. Andika pia jina la aliyekueleza.