Daftari la Nyumba na Fadhila ya Kuuliza

Wazee wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili watu hulitumia dukani, na akili za wengi huishia hapo hapo dukani. Mtu hufunga mlango wa duka jioni, hesabu yake imepangwa safu kwa safu, kisha huenda nyumbani kwake ambako hapana ajuaye kitu kilipo wala kilicho cha nani. Duka lina daftari, nyumba haina. Na nyumba ndiyo iliyo kubwa, kwani ndani yake mna mke na watoto, na amana za watu, na hati za shamba, na mahari yaliyobaki, na deni la huyu na haki ya yule.

Basi kuipanga nyumba si kufagia na kutandika tu. Hayo ni mema, na watu wa miji hii hawana haja ya kufundishwa tahara. Mpango unaokusudiwa hapa ni kwamba kila kitu kiwe na mahali pake, na mahali hapo pajulikane na watu zaidi ya mmoja. Kitu kinachojulikana na mtu mmoja peke yake hakijapangwa, kimefichwa.

Na itazamwe hali itokeayo mara nyingi. Mtu mwenye heshima zake huugua siku tatu, naye si mzee. Siku ya nne huzikwa baada ya sala ya alasiri. Hitima haijasomwa, mara huja mtu kwa adabu zote, akaketi barazani, akasema kwamba marehemu alikuwa na fedha yake ya amana. Wana hutazamana. Huja wa pili akasema kwamba lile shamba la minazi limewekwa rehani kwake. Mjane ajua ya kuwa mumewe alimkopesha jamaa yake mmoja fedha mwaka juzi, lakini jamaa huyo naye yumo matangani, anasoma Yasini pamoja na wenziwe, wala hasemi neno. Kasha hufunguliwa: mna ufunguo usiojulikana mlango wake, mna karatasi iliyoliwa nusu na mchwa, mna mkufu wa dhahabu uliofungwa katika kitambaa. Je, mkufu huu ni wa nani? Huenda ni wa mke. Huenda jirani aliuweka rehani. Huenda ni mali ya yatima. Aliyekuwa akijua amekwisha kulazwa katika mwanandani, na tangu saa hiyo ndugu wa tumbo moja huanza kushitakiana kwa Kadhi. Si kwamba ni watu waovu, bali kila mmoja wao ana nusu ya habari.

Sharia haikumwacha Mwislamu gizani katika jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Sura al-Baqara, haikushuka kwa habari ya sala wala ya saumu. Imeshuka kwa habari ya kuandika deni. Humo Waislamu wameamrishwa kuliandika deni lenye muda, na mwandishi awe mwadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atamke yaandikwayo, na washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Wanazuoni wengi wamesema ya kwamba amri hiyo ni ya kupendekezwa, si ya faradhi. Watu wameipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili, na hekima yake wameiacha chini.

Na katika hadithi ya Abdullah bin Umar (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, imekuja ya kuwa haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasiya wake uwe umeandikwa, uko kwake. Ni masiku mawili, si miaka miwili. Wala hapo haukutajwa uzee, wala hayakutajwa maradhi. Ibn Umar alikuwa akisema kwamba tangu alipoyasikia maneno hayo haukumpitia usiku ila wasiya wake alikuwa nao.

Ama kwa habari ya deni, Bukhari amepokea kwa Salama bin al-Akwa (r.a.) kwamba lililetwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.) ili amsalie maiti. Mtume akauliza kama maiti huyo ameacha kitu, akaambiwa hakuacha. Akauliza kama ana deni. Akaambiwa ana deni la dinari 3. Hapo akawaambia masahaba wamsalie mwenzao. Abu Qatada (r.a.) akasema kwamba deni hilo liko juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Baadaye, fedha zilipopatikana kwa ushindi, Mtume mwenyewe alijitwika madeni ya Waislamu waliokufa bila ya kuacha cha kuyalipia. Lakini msomaji na azingatie jinsi jambo lilivyoanza: lilianza kwa suali. Dinari 3 zilijulikana kwa kuwa ziliulizwa.

Basi ni kwa nini majumba mengi hayajulikani habari zake? Sababu kubwa si ukosefu wa karatasi. Sababu ni kwamba mwenye nyumba hapendi kuulizwa. Mke akiuliza hati ya nyumba iko wapi, huambiwa ana haraka ya urithi. Mwana akiuliza baba yake anadaiwa na nani, huambiwa hana adabu. Huuliza mara moja, huuliza mara ya pili, mara ya tatu hunyamaza; na kimya hicho baba hukiita heshima.

Haikuwa hivi katika zama za kwanza. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari ya kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Hind binti Utba alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza kwa habari ya mumewe Abu Sufyan, kwamba ni mtu mwenye mkono mzito, hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Hakukemewa kwa kulitoa nje neno la nyumbani. Aliambiwa atwae kwa wema kiasi cha kumtosha yeye na wanawe. Mwanamume aisomaye habari hii na afikiri: suali lililokwenda nje ni lile lililokosa jawabu ndani.

Ni kweli ya kwamba kuuliza kuna adabu zake. Abdullah bin Abbas (r.a.) alikuwa kijana Mtume alipofariki, na elimu yake nyingi aliipata kwa kuwauliza masahaba. Alikuwa akienda mlangoni kwa mtu wakati wa jua kali, na akimkuta amelala, hutandika shuka yake kizingitini akajilaza, upepo ukimrushia vumbi, mpaka mwenye nyumba atoke. Hakugonga. Naye akiambiwa kwamba angalituma mjumbe tu akafuatwa kwake, alijibu kuwa yeye ndiye apasaye kuja. Basi mwana naye asimuulize baba habari za madeni pale aingiapo na njaa kutoka sokoni, wala mbele ya wageni. Lakini Ibn Abbas alipongoja, mlango ulifunguka. Baba asiyefungua mlango wake asimlaumu mwana kwa kutojua.

Kisha kuna jambo la nani aulizwe. Abu Daud amepokea habari ya mtu mmoja aliyekuwa safarini, akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hana, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume alipopewa habari alikasirika sana, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na mbona hawakuuliza ikiwa hawajui, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza. Maiti yule hakuwa na kosa la kunyamaza. Aliuliza, lakini aliwauliza wasiojua, nao wakaona haya kusema kwamba hawajui.

Barazani ni mahali pazuri pa kahawa. Lakini ni watu wangapi wameandika wasiya wao kwa fatwa ya barazani! Mtu huandika kwamba nyumba yake ni ya mwanawe mkubwa, wengine wasiiguse, naye hufa akidhani amekwisha kuitengeneza aila yake. Hapana aliyemwambia ya kuwa wasiya kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie, wala wasiya kwa asiyekuwa mrithi haupiti zaidi ya theluthi ila kwa ridhaa yao. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliyajua haya kwa kuuliza. Alikuwa mgonjwa Makka katika Hijja ya Kuaga, naye alikuwa na binti mmoja wa kumrithi. Akamuuliza Mtume kama atoe sadaka theluthi mbili za mali yake, akakatazwa. Akauliza nusu, akakatazwa. Akauliza theluthi, akaruhusiwa, na hiyo theluthi nayo akaambiwa ni nyingi. Aliuliza mara tatu, wala hakuonekana msumbufu. Na sharia hiyo yafuatwa mpaka leo.

Suali: Katika daftari la nyumba kiandikwe nini kwanza?

Jawabu: Kiandikwe kile nyumba inachodaiwa, kabla ya kile inachodai, kwani nafsi ya mtu husahau upesi deni lililo juu yake kuliko deni lililo juu ya mwenziwe. Hapo ndipo penye mahari ya mke yaliyobaki, ambayo waume wengi hawayahesabu kuwa ni deni. Nayo ni deni kama deni lolote: hulipwa baada ya gharama za maziko na kabla ya mali kugawanywa, kisha ndipo mjane apate fungu lake la urithi, thumuni ikiwa marehemu ana mtoto, robo ikiwa hana. Halafu ziandikwe amana, kila moja na jina la mwenyewe na mahali ilipo. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622 alimwacha Ali (r.a.) nyuma azirudishe amana za watu, hali watu wa mji huo ndio waliokuwa wakitaka kumuua, Ali akakaa siku tatu akizirudisha. Haingewezekana kurudishwa kitu ila kilijulikana ni cha nani. Baada ya hayo ziandikwe rehani, hati za nyumba na mashamba, siku ambayo mwaka wa zaka hutimia, na siku za Ramadhani zilizobaki kulipwa.

Suali: Na fedha iliyo katika simu?

Jawabu: Hiyo ndiyo yenye hatari zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na nyingine mfano wake zikafuata, mali ya mtu yaweza kuwa katika kijisanduku kisicho na tundu la ufunguo. Kasha la mvule fundi aweza kulivunja, na simu je? Namba ya siri haiandikwi katika daftari likaachwa wazi. Lakini iandikwe kwamba fedha iko, iko katika kampuni gani, na kwa jina la nani, ili warithi wajue pa kuidai kwa njia ya sheria.

Suali: Asiyejua kuandika afanyeje?

Jawabu: Atamke, aandikiwe, na mashahidi wasikie.

Yatosha daftari moja, na kasha moja la karatasi, na siku moja katika kila mwezi mwandamo, baada ya sala ya isha, ambapo mwenye nyumba hukaa na mkewe na mmoja katika watoto wake waliobaleghe. Wao huuliza, yeye hujibu: kitu hiki kipo wapi, ni cha nani, ni mpaka lini. Mara ya kwanza itakuwa nzito, kwani hata yeye atagundua ya kwamba majawabu mengine hanayo.

Hapana kisa kinachoyakusanya mambo haya mawili, mpango na kuuliza, kama kile alichokipokea Bukhari kwa habari ya Zubayr bin al-Awwam (r.a.). Siku ya vita vya Ngamia, mwaka 36 wa Hijra, nao ni mwaka 656, Zubayr alimwita mwanawe Abdullah akasimama ubavuni pake. Akamwambia kwamba anadhani siku hiyo atauawa, na kwamba jambo limhangaishalo kuliko yote ni deni lake. Akamuagiza auze mali na alipe, akausia theluthi, kisha akasema kwamba akishindwa na kitu, amtake msaada Maula wake. Abdullah alikuwa mtu mzima na mpiganaji, na panga zilikuwa karibu kutolewa alani. Angaliweza kuitikia tu ili aonekane amefahamu. Lakini hakufahamu, akauliza: baba, Maula wako ni nani? Zubayr akamjibu kuwa ni Mwenyezi Mungu.

Zubayr aliuawa, hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, mojawapo ni ile ya al-Ghaba, na nyumba 11 Madina, na 2 Basra, na 1 Kufa, na 1 Misri. Deni lake lilitokana na uaminifu: watu walimletea fedha awawekee, naye akikataa kuzichukua kama amana kwa kuchelea zisipotee, akizichukua kama mkopo ili dhamana iwe juu yake. Abdullah alipolihesabu alikuta ni 2,200,000. Hakim bin Hizam alimuuliza ni kiasi gani, naye kwanza akaficha, akasema ni 100,000. Hakim akaona kwamba hata hiyo mali haitaitosha. Ndipo Abdullah akamwambia kweli yake. Kila shida ya deni hilo ilipombana, alimwomba Maula wa Zubayr amlipie Zubayr deni lake. Ardhi ya al-Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, ilithaminiwa 1,600,000, na wadai wakalipwa.

Ndugu zake wakataka urithi ugawanywe. Akakataa, akasema hagawanyi mpaka anadi kwa miaka minne katika msimu wa Hija, kwamba mwenye deni kwa Zubayr na aje alipwe. Akanadi mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Miaka minne ilipokwisha akaitoa theluthi ya wasiya, kisha akawagawanyia warithi. Zubayr alikuwa ameacha wake wanne, na kila mmoja katika wao alipata 1,200,000.