SOMO LETU: Pumu, Kufuli za Mwili, na Ile Inhela ya Kahawia

Mama mmoja hapa Mitunguu alinijia na mtoto wake wa miaka saba. Usiku mtoto anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Asubuhi anacheza kama wengine. Nyumbani kuna inhela mbili. Ya bluu anampa kila akibanwa. Ya kahawia iko kabatini. Akaniuliza, "Mtoto akiwa mzima nimpe dawa ya nini?" Swali hili ndilo somo letu.

1. Kifuani kuna nini?

Wengi tunasema pumu ni baridi. Baridi inaweza kuiamsha, lakini shina lake ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Kwa mtoto mwenye mzio (tunaouita aleji), mwili unaona vumbi la nyumba, manyoya ya paka au chavua ya maua kama adui. Basi njia za hewa zinatoa vijumbe vidogo sana viitwavyo kemokini. Kazi yao ni kuita chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, waje vitani.

Askari hao wana kufuli juu ya ngozi yao. Wataalamu huziita vipokezi. Kemokini ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, askari anatoka kwenye damu na kufuata mwito. Wakifika wengi, njia ya hewa inavimba, inajaa makohozi, inakuwa nyembamba. Hata mchana mtoto akicheza, uvimbe huo unaweza kuwa bado upo.

2. Mfano kutoka damu yetu

Kufuli hizi si jambo la mbali. Chembe nyekundu za watu wengi wa Ulaya na Asia zina kipokezi cha kemokini kiitwacho Duffy. Chembe nyekundu za wengi wetu hapa Kenya hazina. Kijidudu cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax hutumia Duffy kama mlango, kwa hiyo malaria hiyo ni nadra kwetu. Watafiti waligundua haya miaka ya 1970. Lakini falciparum, ile malaria inayotuua, ina milango mingine, nayo inapita. Shika jambo hili: adui wa mlango mmoja huzuilika kwa kufuli moja, adui wa milango mingi hazuiliki hivyo.

3. Watengenezaji wa dawa walijaribu nini?

Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba virusi vya UKIMWI huingia kwenye chembe vikisaidiwa na kipokezi kiitwacho CCR5. Mwaka 2007 Marekani ilipitisha dawa ya kukiziba, maraviroki. Inafaa tu pale virusi vinapotumia mlango huo, kwa hiyo anayetumia ARV asibadilishe chochote bila kliniki yake.

Wakasema, basi tuzibe na kufuli za pumu. Walichagua CCR3, ambayo iko kwa wingi kwenye askari wa mzio. Wagonjwa walijaribiwa, lakini askari hao hawakupungua kwenye makohozi. Sababu moja ni kwamba kemokini ni karibu 50 na vipokezi ni kama 20. Ufunguo mmoja hufungua kufuli kadhaa, na kufuli moja hukubali funguo kadhaa. Ukiziba huku, wanapitia kule. Hadi leo hakuna dawa ya kuziba vipokezi hivi iliyopitishwa kwa pumu.

4. Kumbe dawa tunayo

Inhela ya kahawia huwa na steroidi, kwa mfano beklometasoni. Hii haihangaiki na kufuli moja moja. Inapunguza utengenezaji wa funguo zenyewe, na askari hawaitwi. Lakini inafanya kazi polepole, siku hata majuma, ndiyo maana hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Ya bluu inalegeza misuli tu; uvimbe inauacha pale pale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema hata mtu mzima asitegemee ya bluu peke yake.

Mambo ya kufanya:
- Mpe ya kahawia kama daktari alivyoandika. Usiache kwa sababu kikohozi kimeisha.
- Baada ya kuvuta, asukutue mdomo kwa maji na kutema, asipate utando mweupe mdomoni.
- Mtoto hawezi kuvuta vizuri? Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako shimo la kutosha mdomo wa inhela, uichomeke ibane. Puliza mara moja, avute pumzi tano au sita kupitia mdomo wa chupa. Mwombe muuguzi akuonyeshe.
- Asilale jikoni penye moshi wa kuni.
- Akishindwa kuongea, midomo ikigeuka rangi, au ya bluu isiposaidia, endelea kumpulizia huku mkikimbia hospitali. Usingoje kuche.

Yule mama alitoa inhela kabatini siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Nani kati yetu ana dawa ya pumu iliyokaa kabatini, na kwa nini?
2. Kwa nini kuziba kufuli moja hakukutosha?
3. Tutapunguzaje moshi jikoni kwetu?