Kula Bata Desemba, Kulia Januari



Kabla ya kuendelea, fungua Biblia usome Luka 14:28-30, habari ya mtu anayetaka kujenga mnara.

Novemba ikifika, huku kwetu Mhezi, juu milimani Upare, swali ni moja: "Krismasi unaenda wapi?" Walioko Dar wanapanga kupanda, sisi tulioko huku tunapanga kushuka. LATRA inaweka kikomo cha nauli, lakini viti vikijaa vimejaa, na huko mjini vyumba navyo hupanda bei.

Mimi yamenikuta. Mwaka niliomaliza kidato cha sita, niliamua kwenda Dar kula bata siku nne: hoteli yenye AC, boti ya Zanzibar, picha za kutosha. Sikuandika hesabu yoyote. Mama alikuwa amenikabidhi fedha ya tangawizi yake, nimnunulie mdogo wangu sare na viatu Kariakoo. Siku ya tatu fedha yangu ikaisha. Nikaanza kumega ya mama, nikijiambia nitarudisha. Sikurudisha. Januari mdogo wangu alifungua shule na viatu vyangu vya zamani, amevijaza makaratasi mbele visimvuke. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Haya, mwanangu, nimeelewa." Mpaka leo linaniuma.

Je, starehe ni dhambi?

Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba hata kucheza na kupumzika kuna fadhila yake, maana roho nayo huchoka. Kuhusu fedha, ukarimu uko katikati ya makosa mawili: ubahili na ubadhirifu. Sisi Wapare tunataniwa kwa la kwanza. Mimi niliangukia la pili. Na Aristotle aliliona mapema: wabadhirifu wengi huishia kuchukua pasipostahili, kwa sababu chao huisha haraka. Yaani alikuwa ananisema mimi!

Tazama Familia Takatifu. Kila mwaka Yosefu na Maria walisafiri kwenda Yerusalemu wakati wa Pasaka, mji ukiwa umefurika. Walisafiri, tena pamoja na ndugu na jirani. Lakini walipomtolea Yesu hekaluni, sadaka yao ilikuwa ya ndege wawili, ile Sheria iliyomruhusu asiyemudu mwanakondoo (Luka 2:24, Walawi 12:8). Hawakukopa mwanakondoo ili waonekane.

Kaa chini, piga hesabu

1. Tenga kwanza kisicho chako: fedha uliyotumwa, deni, mahitaji ya Januari. Kiache nyumbani au mpe mwenyewe.
2. Anza mapema. Ukiweka sh. 20,000 kila mwezi, Machi hadi Novemba, unazo 180,000. Hiyo ndiyo safari yako. Usiizidishe kwa mkopo wa simu.
3. Lipia nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kitu kingine. Ulizia na treni; ile ya Dar hadi Moshi, inayopita Same, ilirudi Desemba 2019.
4. Kama ni matembezi tu, hamisha tarehe. Zanzibar ya Krismasi na mwaka mpya imejaa wageni. Msimu wa masika hoteli hushusha bei.
5. Unataka hoteli nzuri? Sawa, usiku mmoja. Siku nyingine lala kwa shangazi, na usiende mikono mitupu.
6. Acha akiba ya dharura, na sadaka ya Misa ya Krismasi.
7. Mwonyeshe mtu hesabu yako. Ukiona aibu kuionyesha, ujue kuna tatizo.

Maswali ya kutafakari

- Safari yangu ya Desemba, nani mwingine ataigharamia bila kuulizwa?
- Ninasafiri nipumzike, au nionekane?

Sala: Ee Yesu, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, utufundishe kufurahi kwa kipimo chetu, tusije tukala cha wadogo zetu. Amina.

Mdogo wangu nilimnunulia viatu vipya mwezi wa nne. Tayari mguu ulikuwa umekua.