Dondoo muhimu: Podikasti zijipakue zenyewe

Mwenye simu ya Android anaweza kuanza na AntennaPod, programu ya bure isiyo na matangazo, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwa kompyuta za Linux, Windows na Mac ipo gPodder.

Mambo ya kuangalia:

• Bando. Programu iwekwe ipakue vipindi kwa Wi-Fi pekee. Kipindi cha saa 1 cha kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58.

• Nafasi. Iwekewe kikomo cha vipindi, na vilivyokwisha kusikilizwa vifutwe vyenyewe.

• Kuhama. Faili ya OPML huhamishia orodha nzima ya podikasti kwenye programu nyingine.

• Betri. Simu ikibana programu zinazofanya kazi chinichini, upakuaji hukwama. AntennaPod iondolewe kizuizi hicho kwenye mipangilio ya betri.