Fundisho juu ya kuchagua motere ya mashua ndogo yenye chini bapa

Ninyi wavuvi wa mto Luapula na wa ziwa Moero, na ninyi mnaopeleka mihogo na mahindi sokoni kwa mashua, sikilizeni. Fundisho hili ni juu ya motere inayotundikwa nyuma ya mashua. Motere ni kitu cha bei kubwa. Watu wengi huinunua mara moja tu katika maisha yao, na fedha yake ni jasho la miaka mingi, ya mgodini au ya nyavu. Mtu akikosa kuchagua jembe vema, hupoteza jembe tu. Akikosa kuchagua motere vema, aweza kupoteza fedha, samaki, hata uzima wake.

1. Faida ya motere

Samaki hangoji. Toka Kasenga mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 200. Katika miaka ya 1930, wakati mji ule ulipoitwa Elisabethville, wafanya biashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki na kuwapeleka mjini, wawe chakula cha watu wa migodi. Hata leo samaki wa Luapula na Moero huliwa na watu wa mijini na wa migodini. Lakini samaki aliyekawia katika jua huoza, na bei yake huanguka. Motere nzuri yaweza kumfikisha kivukoni angali mzima. Basi motere ni kitu chema. Lakini si kila motere inafaa kila mashua.

2. Habari ya mtu mmoja

Nilimwona mtu mmoja aliyerudi kijijini na fedha yake ya mwisho wa kazi. Mashua yake ilikuwa ya mbao, ya metre 4, chini bapa. Akanunua motere ya nguvu ya farasi 40, kwa kuwa aliipenda sauti yake. Uzito wake ulikuwa zaidi ya kilo 70. Alipoitundika na kuketi karibu nayo, ubao wa nyuma ulibaki juu ya maji vidole vinne tu. Siku ya tatu alipunguza mwendo ghafula, na wimbi la mashua yake mwenyewe likamfuata likaingia kwa nyuma. Motere, nyavu na samaki vikazama. Yeye aliokoka kwa kushika dumu tupu.

Kosa lake lilikuwa gani? Aliuliza habari za motere, hakuuliza habari za mashua. Basi shikeni neno hili: uliza mashua kwanza, motere baadaye.

3. Kupima mashua

Katika Marekani iko kanuni ya serikali kwa mashua ndogo za motere zisizofika futi 20. Nasi twaweza kuitumia. Futi 1 ni santimetre 30 na nusu. Pima urefu wa mashua kwa futi. Pima upana wa ubao wa nyuma kwa futi. Zidisha hesabu hizo mbili, kisha tazama hapa:

36 mpaka 39: farasi 5
40 mpaka 42: farasi 7 na nusu
43 mpaka 45: farasi 10
46 mpaka 52: farasi 15

Lakini angalieni! Mashua ya chini bapa yenye pembe kali pande mbili hushushwa daraja moja. Mfano: mashua ina urefu wa futi 12 na ubao wa nyuma wa futi 4. Mara 12 kwa 4 ni 48. Hesabu 48 yaonyesha farasi 15. Shuka daraja moja, ni farasi 10. Huo ndio mpaka wa mwisho. Si lazima kuufikia.

4. Nguvu inayotosha

Mashua iliyojaa mizigo haipandi juu ya maji, inayapasua. Mwendo wake una mpaka, na mpaka huo hutoka katika urefu wake. Mashua ya metre 4 huenda karibu kilometre 9 kwa saa; ya metre 5, karibu kilometre 10; ya metre 6, karibu kilometre 11. Kwa mwendo huo nguvu ya farasi 4 au 5 yatosha kwa kila kilo 1000. Katika kilo hizo hesabu mashua, watu, motere, esansi na samaki pamoja.

Ukiongeza nguvu juu ya mashua iliyojaa, utaona pua yainuka, nyuma yazama, mawimbi yawa makubwa, na mwendo waongezeka kidogo tu. Mashua nyepesi ya chini bapa yaweza kupanda juu ya maji na kuteleza, lakini hutaka karibu farasi 1 kwa kila kilo 25. Ukitia magunia matatu, mtelezo umekwisha.

Kama mto wenu una nguvu wakati wa mvua, ongeza kidogo, uwe na akiba ya kupanda kinyume cha maji. Lakini usipite mpaka wa mashua.

5. Hesabu ya esansi

Motere hununuliwa mara moja, esansi hununuliwa kila siku. Motere ya mipigo miwili ya farasi 5, ikifunguliwa kabisa, hula karibu litre 3 kwa saa. Ya farasi 15 hula karibu litre 7. Katika kazi ya saa 4, ya kwanza hula litre 12, ya pili litre 28. Sasa andika bei ya litre moja kwenu. Zidisha. Kisha hesabu ni mabeseni mangapi ya samaki yatakayolipa esansi hiyo. Ikiwa esansi inakula nusu ya samaki wako, motere hiyo haikutumikii. Wewe ndiwe mtumishi wake.

6. Mguu wa motere

Motere zina mguu mfupi au mguu mrefu. Pima ubao wa nyuma katikati, toka ukingo wa juu mpaka chini ya mashua. Ukiwa karibu santimetre 38, nunua mguu mfupi. Ukiwa karibu santimetre 51, nunua mguu mrefu. Juu ya elise pako bati dogo lililolala. Bati hilo liwe sawasawa na chini ya mashua, ama lishuke santimetre 2 au 3 tu. Likiwa juu mno, elise hunyonya hewa, motere hulia bure. Likiwa chini mno, elise hugonga mchanga na mashina, na maji huzuia mwendo.

7. Mipigo miwili ama minne

Motere ya mipigo miwili ni nyepesi, na mafundi wengi wa vijiji waijua. Mafuta yake huchanganywa na esansi. Nyingi hutaka litre 1 ya mafuta kwa litre 50 za esansi. Kwa dumu la litre 20 ni santilitre 40. Fuata kitabu cha motere yako. Ukisahau mafuta, motere hufa siku hiyo hiyo.

Motere ya mipigo minne hula esansi kidogo zaidi na hutoa moshi kidogo. Lakini ni nzito, bei yake ni kubwa, na mafuta yake hukaa mahali pake peke yake. Lazima kuyabadilisha kwa wakati wake. Kwa mashua ndogo, pima uzito kwanza.

8. Mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Buji, pompi ya maji na elise za motere hii zauzwa karibu? Nani katika nchi yetu ajua kuitengeneza? Elise yake ni ya mizigo ama ya mbio? Mashua ya mizigo hutaka elise inayosogea kidogo kwa kila mzunguko. Kisha iwashwe mbele yako ndani ya maji. Tazama mkondo mdogo wa maji unaotoka ubavuni: usipotoka, motere hainywi maji na itaungua. Motere isiyo na vyombo vya akiba ni chuma cha kutazama tu.

9. Kujilinda

Mashua ya chini bapa ni tulivu katika maji matulivu, lakini mawimbi ya Moero huipiga na kuijaza. Upepo ukiinuka, kaa kandokando ya nchi kavu. Funga motere kwa mnyororo. Funga kamba ya kuzimia motere mkononi mwako, ili ukianguka motere ifunge. Vaa koti la kuelea. Usiache kafi wala pondo nyumbani, kwa kuwa kafi halina buji.

Maulizo

Urefu wa mashua yako ni futi ngapi, na ubao wa nyuma futi ngapi?
Mpaka wa nguvu yake ni farasi wangapi?
Siku ya samaki wengi, kilo zote pamoja ni ngapi?
Ubao wa nyuma una santimetre ngapi kwenda juu?
Esansi ya safari moja hulipwa kwa mabeseni mangapi?

Mtu awezaye kujibu maulizo haya matano, na aende kununua. Asiyeweza, na arudi kwanza ufukoni na kamba ya kupimia. Kamba hiyo haina bei, nayo italinda fedha ya miaka yako yote.