Kabla Hujanunua Mashine ya Kufuatilia Macho

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Wewe anza na swali la utafiti wako. Tuseme unataka kujua jicho la msomaji hutua wapi linapokutana na neno refu kama "hawakutusikiliza": kwenye viambishi vya mwanzo, au kwenye mzizi? Tushike mfano huo, maana ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Mashine hufanyaje kazi? Nyingi humulika jicho kwa infraredi, mwanga tusioweza kuuona. Kamera hupiga picha ya mboni, lile duara jeusi la katikati, pamoja na nukta ya mwanga inayong'aa kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Kompyuta hupima umbali kati ya viwili hivyo, kisha hukadiria mtu anatazama wapi kwenye skrini.

Je, unahitaji kasi gani? Kasi hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya vipimo kwa sekunde. Tunaposoma, jicho hutua kwa takribani milisekunde 200 hadi 300 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), kisha huruka kwa kama milisekunde 30. Mashine ya hezi 60 hupima kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo mruko mzima unaweza kuambulia vipimo viwili tu. Kama unachotaka ni kujua mtu katazama tangazo lipi, hiyo yatosha. Ukitaka kuuchunguza mruko wenyewe, tafuta hezi 500 au zaidi. EyeLink 1000 Plus ya SR Research, Kanada, hufika 2,000 kwa jicho moja.

Usahihi ndio unaowaponza wengi. Hupimwa kwa digrii, na ukikaa sentimita 57 kutoka kwenye skrini, digrii moja ni sawa na sentimita moja. Muuzaji akikuambia mashine yake hukosea nusu digrii, hizo ni milimita 5. Herufi yenye upana wa milimita 3 imeshapitwa. Katika "hawakutusikiliza", kosa hilo laweza kulihamisha jicho kutoka "tu" hadi ndani ya mzizi, na jibu lako likageuka. Kuza herufi, weka kiegemeo cha kidevu, na rudia kalibresheni (kumtazamisha mshiriki nukta zinazojulikana ili mashine imzoee) kila baada ya muda.

Tena, takwimu za kwenye vipeperushi hutoka katika mazingira mazuri. Dai majaribio kwa watu kama washiriki wako: wenye miwani, waliopaka wanja mzito, wenye kope zilizolegea. Macho ya kahawia yasikutie hofu. Chini ya infraredi rangi hiyo huonekana nyeupe-nyeupe na mboni hujitokeza vizuri. Ya bluu ndiyo husumbua zaidi. Jua nalo lina infraredi tele, basi funga mapazia.

Gharama je? Mashine za maabara zenye kasi kubwa hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Vifaa vya hezi 60 vinavyowekwa chini ya skrini, kama vya Gazepoint, ni nafuu mno ukilinganisha. Kwa utafiti wa watu wanaotembea kuna miwani yenye kamera, kama ya Pupil Labs ya Berlin. WebGazer, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Brown, hutumia kamera ya kompyuta yako, ila hukosea kwa digrii kadhaa: itakuambia kushoto au kulia, haitakuambia herufi. PsychoPy, ya kuandalia majaribio, nayo ni bure. Uliza pia kama leseni ya programu hulipiwa mara moja au kila mwaka.

Swali la mwisho kwa muuzaji: data ghafi zinafunguka bila programu yake? Kampuni za mashine hizi huweza kutoweka: mwaka 2016 The Eye Tribe ilinunuliwa na Oculus ya Facebook, na 2017 SMI ya Ujerumani ikachukuliwa na Apple. Mashine zao ziliacha kuuzwa, na maabara zilizokuwa nazo zikabaki bila fundi wa kumpigia simu.